Hoteli iliyokuwa gizani katika picha ya Krismasi ya Stockbridge

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, mwishoni mwa juma la kwanza la mwezi Desemba, mji mdogo wa Stockbridge ulioko magharibi mwa jimbo la Massachusetts nchini Marekani hufunga barabara yake kuu, huyaondoa magari ya kisasa na kupanga mahali pake magari ya miaka ya 1950 na 1960, baadhi yakiwa yamefungwa miti ya Krismasi juu ya paa.

Lengo ni kuirudisha hai picha iliyochorwa na msanii mashuhuri Norman Rockwell, ambaye aliishi katika mji huo kwa miaka 25, tangu mwaka 1953 hadi alipofariki dunia mwaka 1978. Picha hiyo, inayoonyesha barabara hiyo hiyo wakati wa magharibi katika msimu wa Krismasi, ilichapishwa katika jarida la McCall's toleo la Desemba 1967, na imekuwa miongoni mwa picha za Krismasi zinazofahamika zaidi nchini humo.

Wageni wanaofika hupenda kusimama mbele ya jengo kubwa jeupe la mbao lililoko kwenye kona, lenye baraza ndefu na viti vya kubembea, ambalo msimu huo huwa limepambwa kwa taa na mashada ya majani mabichi. Hiyo ndiyo Red Lion Inn, yaani Simba Mwekundu, nyumba ya wageni ambayo historia yake huanzia mwaka 1773.

Ni wachache miongoni mwao wanaotambua kwamba katika picha wanayoiigiza, jengo hilo limezama gizani. Maduka yana mwanga, maktaba ina mwanga, katika dirisha la orofani ambako Rockwell alikuwa na chumba chake cha kuchorea panaonekana mti wa Krismasi uliowashwa taa. Lakini hoteli, jengo kubwa kuliko yote upande wa kulia, madirisha yake ni meusi.

Hilo halikuwa pambo la mchoraji. Rockwell alichora alichokiona. Zama hizo hoteli ilifungwa majira ya baridi yalipoingia na kufunguliwa tena hali ya hewa ilipopata joto, kwa kuwa ilikuwa nyumba ya wageni wa kiangazi.

Makala haya yanaeleza jinsi jengo hilo lilivyotoka katika giza hilo, namna nyumba ya wageni ya mbao inavyopambwa bila ya kuhatarisha maisha ya waliolala ndani yake, na jinsi mji wenye wakazi wapatao 2,000 unavyoweza kuandaa sherehe inayovuta umati wa watu.

Kituo cha njiani

Stockbridge ulianza katika miaka ya 1730 kama kituo cha wamisionari miongoni mwa Wamohikani, wenyeji wa asili wa bonde hilo. Katika muda wa miaka 50 hivi ardhi ilikuwa imewaponyoka, wakahamia jimbo la New York na baadaye Wisconsin, ambako wazao wao wanaishi hadi leo wakiwa bado wanalibeba jina la Stockbridge. Jambo hili halimo katika picha ya Rockwell na wala si rahisi kuliigiza kwa magari ya zamani, lakini msomaji anayetaka kuufahamu mji huo hana budi kulijua.

Nyumba ya wageni ilisimamishwa mahali ambapo magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi yalipita yakitoka Boston kuelekea Albany. Msafiri alipata chakula, kinywaji na mahali pa kulala, na farasi wakabadilishwa. Mwaka 1774 wajumbe kutoka miji ya wilaya hiyo ya Berkshire walikutana Stockbridge na kukubaliana kususia bidhaa za Uingereza, karibu miaka miwili kabla ya tangazo la uhuru.

Baada ya reli kufika, wateja walibadilika. Matajiri wa New York na Boston, miji ambayo kila mmoja uko umbali wa kilomita zaidi ya 200, walianza kupanda milima ya Berkshire kukimbia joto la mjini. Hoteli ikapanuliwa, na familia ya Plumb iliyoimiliki ikakusanya vyombo vya kale vya udongo, bati na fanicha hadi nyumba ikawa nusu makumbusho.

Mwaka 1896 moto uliiteketeza yote. Sehemu kubwa ya vyombo hivyo iliokolewa, na jengo jipya likafunguliwa mwaka uliofuata, 1897. Hilo ndilo linaloonekana hadi sasa. Tarehe hizi mbili zikumbukwe, kwa sababu zina uzito katika suala la mapambo tutakalolizungumzia hapa chini.

Miaka mitatu iliyougeuza mji

Kufikia miaka ya 1960 nyumba hiyo ilikuwa imechoka. Ilikuwa ikisemwa mjini kwamba ingeuzwa, ibomolewe na mahali pake pajengwe kituo cha mafuta, jambo ambalo halikuwa la ajabu kwa wakati ule, maana miji mingi ya Marekani ilipoteza majengo yake ya kale kwa njia hiyo hiyo.

Walioinunua mwaka 1968 walikuwa Jack na Jane Fitzpatrick, mume na mke ambao tangu mwaka 1956 walikuwa wakiendesha biashara ya kuuza mapazia kwa njia ya posta, iliyoitwa Country Curtains. Hawakuwa watu wa hoteli. Walilifufua jengo, wakaruhusu biashara yao ya mapazia ifanye kazi chini ya paa hilo hilo, na wakachukua uamuzi ambao wenye hoteli waliotangulia waliuona kuwa ni hasara: kuifungua nyumba mwaka mzima.

Kwa mtu aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo. Katika milima ya Berkshire, ambako kipimo cha joto hushuka chini ya sifuri kwa wiki nyingi mfululizo, ni uamuzi wa gharama. Jengo la mbao la karne ya 19 linapaswa kupashwa moto usiku na mchana, mabomba ya maji yalindwe yasigande na kupasuka, na wafanyakazi walipwe hata pale vyumba vinapobaki vitupu.

Ukitazama mfululizo wa matukio utaona kwamba mambo matatu yalifuatana kwa karibu sana. Mwaka 1967 picha ilichapishwa. Mwaka 1968 hoteli ilinunuliwa. Mwaka 1969 nyumba nyingine ya kale katika barabara hiyo hiyo, ambayo nayo ilikuwa katika hatari ya kuvunjwa na ikaokolewa na wakazi, ilifunguliwa kuwa makumbusho na kuanza kuonyesha kazi za Rockwell, ambaye wakati huo alikuwa bado hai na akionekana akiendesha baiskeli mitaani. Makumbusho hayo, Norman Rockwell Museum, yalihamia katika jengo kubwa nje kidogo ya mji mwaka 1993.

Sherehe yenyewe ilikuja baadaye, ikiandaliwa na chama cha wafanyabiashara wa mji huo, na sasa ina umri wa zaidi ya miaka 30. Ni vema kulisisitiza hili, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba sherehe ndiyo iliyoiokoa hoteli. Ukweli ni kinyume chake. Bila ya nyumba inayoweza kuwalaza na kuwalisha wageni katika baridi ya Desemba, picha ingebaki ukutani.

Krismasi iliyotozwa faini

Kuna kichekesho kimoja katika historia ya mapambo ya Krismasi katika jimbo la Massachusetts. Wapuritani walioanzisha koloni hilo hawakuitaka kabisa sikukuu hiyo, wakisema kwamba haina msingi katika Maandiko na kwamba imejaa ulevi. Mwaka 1659 walipitisha sheria ya kumtoza faini ya shilingi 5 yeyote ambaye angeonekana akiiadhimisha kwa kuacha kazi, kufanya karamu au kwa namna nyingine yoyote.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681, lakini tabia haikufutwa pamoja nayo. Kwa zaidi ya karne nzima iliyofuata makanisa mengi ya eneo hilo yaliendelea kuichukulia Desemba 25 kama siku ya kazi. Jimbo la Massachusetts liliitambua rasmi kuwa siku ya mapumziko mwaka 1856 tu.

Maana yake ni kwamba nyumba ya wageni ya mwaka 1773 katika mji kama Stockbridge isingekuwa na mti, wala shada mlangoni, wala utepe mwekundu. Msafiri aliyelala hapo usiku wa kuamkia Krismasi angeamka, anywe uji wake na aendelee na safari.

Mti wa Krismasi wenyewe ulitoka Ujerumani. Ulienea Uingereza baada ya mwaka 1848, gazeti moja la picha la London lilipochapisha mchoro wa Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti. Miaka miwili baadaye jarida la wanawake la Philadelphia, Godey's Lady's Book, liliuchapisha tena mchoro huo baada ya kufuta taji la malkia na masharubu ya mumewe, ili wafanane na familia yoyote ya Kimarekani. Taa za umeme juu ya mti zilionekana kwa mara ya kwanza New York mwaka 1882, nyumbani kwa Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliyewasha balbu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu.

Hata ua jekundu ambalo Wamarekani huliweka juu ya kila meza ya mapokezi mwezi Desemba ni la kuja. Asili yake ni Mexico, na lilipelekwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanadiplomasia Joel Poinsett, ambaye jina lake ndilo walilolipa ua hilo. Afrika ya Mashariki, hasa katika nyanda za juu zenye baridi kiasi, ua hilo hilo hukua uani hadi kuwa mti mdogo, na wengi hulikata bila ya kujua kwamba kwingineko huuzwa likiwa ndani ya chungu.

Kwa hiyo mwenye hoteli kongwe anayetaka kuipamba nyumba yake kwa mtindo wa enzi ya ukoloni anajidanganya. Kwa maoni yetu, Red Lion Inn ina bahati kwamba iliungua. Jengo la mwaka 1897 ni la enzi ambayo tayari iliujua mti, shada na taa, na kwa hiyo mapambo ya aina hiyo hayalivunjii heshima.

Kulipamba jengo la mbao

Kazi ya kupamba nyumba ya wageni hutofautiana na ile ya kupamba nyumba ya familia kwa mambo mawili: muda na usalama.

Tuanze na muda. Familia nyingi zinaweza kuuleta mti siku kumi kabla ya sikukuu. Hoteli haiwezi. Nchini Marekani msimu hufunguliwa na Sikukuu ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na mgeni anayefika siku inayofuata anatarajia kuyakuta mapambo. Kutoka hapo hadi baada ya Mwaka Mpya ni zaidi ya wiki tano, na kwa mji wenye sherehe mwanzoni mwa Desemba hakuna nafasi ya kuchelewa.

Mti wa msonobari uliokatwa, hata ukitunzwa vema, hudumu ndani ya nyumba kwa muda wa wiki nne au tano. Hewa inayopashwa moto na mitambo ni kavu, na ndiyo inayouua. Basi mwenye hoteli ana njia tatu: kuubadilisha mti katikati ya msimu, usiku, wakati wageni wamelala, kutumia mti wa bandia, au kuuweka mti halisi barazani ambako baridi huuhifadhi, na ndani akatumia wa bandia. Njia ya tatu haina heshima kubwa lakini ndiyo yenye busara kwa nyumba nyingi.

Anayechagua mti halisi hana budi kukata kipande cha kama sentimita 2 au 3 kutoka mwisho wa shina kabla ya kuusimamisha, kwa sababu utomvu huziba mahali palipokatwa shambani na mti ukashindwa kunywa. Shina lenye unene wa sentimita 10 hunywa hadi lita 4 za maji kwa siku. Katika ukumbi wa mapokezi wenye watu wengi, kila mfanyakazi hudhani kwamba mwenzake amekwisha kumwagilia. Ndiyo maana hoteli makini huiandika kazi hiyo katika daftari la zamu, pamoja na jina la mtu.

Mti ulionyimwa maji ni hatari kubwa. Majaribio ya wataalamu wa zimamoto yameonyesha mara nyingi kwamba mti mkavu ukishika moto hukijaza chumba kizima moto kwa muda usiozidi dakika moja, ilhali uliomwagiliwa huwa mgumu kuwaka. Ushauri wa kawaida nchini humo ni kuuweka mti umbali wa futi 3, takriban sentimita 90, kutoka mahali pa kuotea moto au kifaa chochote cha joto. Kwa nyumba ambayo iliteketea mwaka 1896, hilo si suala la nadharia.

Kanuni nyingine zinajulikana lakini husahaulika pale mapambo yanaponoga: mti usisimamishwe mbele ya mlango wa dharura hata kama kona hiyo ndiyo inayopendeza zaidi, kitu chochote kisitundikwe kwenye mabomba ya kunyunyizia maji ya kuzimia moto, nyaya zisipitishwe chini ya zulia, na mlango wa chumba cha mgeni usifunikwe namba yake kwa shada.

Mishumaa katika madirisha, mmoja kwa kila dirisha, ni alama inayopendwa sana katika nyumba za wageni za eneo la New England. Kwa miongo mingi sasa imekuwa ya umeme. Balbu za kizamani zilitoa joto la kuweza kuunguza pazia, lakini zile za LED hubaki karibu baridi na hula chini ya robo ya umeme uliotumiwa na zile za zamani. Katika jengo lenye madirisha mengi, tofauti hiyo huonekana katika ankara ya mwezi, na zaidi ya hapo humpa meneja usingizi.

Nje ndiko kunakostahili gharama kubwa. Majani mabichi yaliyosukwa kuwa mashada marefu na kuzungushwa katika nguzo za baraza hudumu msimu wote, kwa kuwa baridi ni jokofu lisilolipiwa. Isitoshe, baraza ndiyo inayopigwa picha na kila apitaye barabarani, awe mteja au asiwe.

Vyumbani mambo yawe machache. Mgeni aliyelipia chumba anataka mahali pa kuweka sanduku lake, hataki mti mdogo juu ya meza. Wapo wasioadhimisha sikukuu hiyo, wapo wenye mzio wa utomvu, na wapo wafiwa waliokwenda hotelini ili kuikimbia Krismasi ya nyumbani. Msimamizi wa usafi, ambaye kwa kawaida haulizwi chochote mapambo yanapopangwa, ndiye anayejua ni dakika ngapi huongezeka kwa kila chumba kwa kuokota vijiti vya msonobari kwenye zulia. Aulizwe kwanza.

Kuupanga mji

Kuhusu sherehe yenyewe, jambo la kwanza lililofanywa kwa akili Stockbridge ni kuchagua tarehe. Katika kiangazi eneo hilo halihitaji msaada, kwa kuwa Tanglewood, mahali ambapo okestra ya Boston hupiga muziki tangu mwaka 1937, pako jirani na hujaza vyumba vyote. Vuli nayo huwaleta watazamaji wa majani yanayobadilika rangi. Pengo liko baada ya hapo.

Siku ya Krismasi yenyewe haifai, kwa kuwa kila mtu yuko kwao. Mwisho wa juma la kwanza la Desemba huangukia pale ambapo Sikukuu ya Shukrani imepita, shule hazijafungwa, na mwenye hoteli anavitazama vyumba vitupu. Hapo ndipo sherehe ilipowekwa.

Ratiba imegawanywa kwa namna ambayo mgeni analazimika kulala. Ijumaa jioni kuna usomaji wa hadithi za Krismasi. Jumamosi baadhi ya wakazi hufungua milango ya nyumba zao za kale zilizopambwa ili wageni wazitembelee kwa kiingilio, na jioni huimbwa nyimbo za sikukuu mitaani, katika mwanga wa mishumaa iliyowekwa ndani ya mifuko ya karatasi. Magari ya zamani hayaonekani hadi Jumapili, nayo hukaa kwa saa chache tu za mchana. Anayetaka kuona yote anahitaji usiku mbili.

Saa hizo chache za mchana zina jambo la kustaajabisha. Picha ya Rockwell ni ya magharibi, uzuri wake wote umo katika madirisha yenye mwanga wa manjano dhidi ya theluji ya buluu. Lakini maigizo yake hufanywa jua likiwa juu. Huwezi kulaumu. Barabara hiyo hupitisha njia mbili kubwa, namba 7 na namba 102, na kuifunga maana yake ni kuwatafutia madereva njia ya kuzunguka, kupata vibali, kuweka askari na kuhakikisha gari la wagonjwa linaweza kupita. Kuyafanya hayo gizani, katika barabara yenye utelezi na watoto wengi, kungeongeza hatari kwa faida ndogo.

Magari nayo ni mtihani. Zaidi ya 50 huhitajika ili kuijaza barabara, na hakuna mji wa watu 2,000 wenye magari ya kale kiasi hicho. Huletwa na wamiliki kutoka mbali, na mmiliki wa gari la mwaka 1955 ana adui mmoja mkubwa, chumvi. Barabara za eneo hilo humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma. Wengi huyafungia magari yao kuanzia Novemba hadi masika. Kumshawishi mtu wa namna hiyo alitoe gari lake Desemba, alifunge mti juu ya paa na aliache liguswe na umati, ni kazi ya mahusiano ya miaka mingi, si ya tangazo.

Theluji, kwa upande wake, haiwezi kupangwa. Mwanzoni mwa Desemba inaweza kuwapo au isiwepo, na yapo maandalizi ya aina mbili: ikianguka nyingi lazima isombwe kabla ya magari kuingia, na isipoanguka watu hujipatia picha za lami nyeusi.

Wapo wanaoikosoa sherehe kwa kusema kwamba inauza kumbukumbu ya Marekani ambayo haikuwapo. Hoja hiyo ina uzito. Rockwell mwenyewe hakuwa mtu wa mambo matamu tu. Mwaka 1964 alichapisha katika jarida la Look picha ya mtoto mweusi, msichana mdogo, akisindikizwa shuleni na maofisa wa serikali mbele ya ukuta ulioandikwa matusi na kupigwa nyanya. Mtu huyo huyo, miaka mitatu baadaye, ndiye aliyetoa picha ya barabara ya Krismasi. Sherehe huchukua nusu yake moja.

Lakini mkosoaji naye hana budi kuitazama upya kona ya kulia ya picha. Wanaoiigiza kwa kila jambo, hadi miti juu ya magari, wamekataa kuliigiza giza la hoteli, na katika kukataa huko ndimo zilimo ajira za wapishi, wahudumu na wasafishaji ambao zamani walisimamishwa kazi majani yalipoanguka. Kampuni ya mapazia ya walioinunua nyumba hiyo ilifunga biashara mwaka 2017. Nyumba bado iko wazi.

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani

Msomaji anayeishi Boston, New York au majimbo ya jirani na ambaye angependa kwenda, ajue kwamba vyumba vya Red Lion Inn kwa mwisho wa juma hilo huwahiwa mapema na bei yake si ya mtu wa kipato cha chini. Miji jirani ya Lee, Lenox na Great Barrington ina malazi mengine, na kutoka huko hadi Stockbridge ni mwendo mfupi kwa gari.

Si lazima kulala hotelini ili kuiona. Ukumbi wa mapokezi wenye mahali pa kuotea moto hupitiwa na watu wengi wasio wageni wa nyumba, na baraza iko kandokando ya barabara. Mtu afike asubuhi, kabla ya barabara kufungwa, aegeshe gari mbali na katikati ya mji na avae viatu visivyoteleza.

Picha halisi ni mali ya Norman Rockwell Museum, kilomita chache kutoka hotelini. Ina upana wa karibu mita 2.4, kubwa kuliko wengi wanavyotarajia baada ya kuizoea kwenye kadi, na anayetaka kuiona bila ya msongamano ni bora aende Jumamosi asubuhi, wakati wengine wako kwenye foleni ya kutembelea nyumba za watu.